Maua ya Kashoba na Daftari la Avenue Yetu

Vijana watatu mliokuja kwangu Jumamosi na daftari lenye jalada jekundu, someni hii mpaka mwisho. Na ninyi wengine ambao hamkuja lakini mlijua wanakuja, someni pia. Daftari lenu liko hapa mezani karibu na kikombe changu cha chai, na nitalirudisha. Lakini kwanza mtanisikiliza.

Mlinisalimia vizuri, sikatai. Mkakaa kwenye benchi, mkapokea karanga. Halafu yule mkubwa wenu akaanza.

"Mama Béa, uko na mwandiko ya muzuri, bote banajua. Utusaidie kuandika avenue yetu, nyumba kwa nyumba. Jina ya mwenye nyumba, na kwabo ni wapi."

"Ni ya kufanya nini?"

"Ni kwa kujua tu, Mama. Bageni banakuwa mingi."

Mi nikaitazama mistari mliyoipiga, na lile neno lenu "Kwabo", yaani kwao. Ndipo mwenzenu mwenye kofia alipogeuka akaona mabeseni yangu saba chini ya dirisha, yale yenye udongo wa kijivu unaovuta kijani na vile viua vidogo vya zambarau. Akafurahi sana.

"Ni kama hii maua yako, Mama! Haipatikanake fasi ingine mu dunia, ni hapa kwetu tu. Na siye ni vile. Wa hapa ni wa hapa."

Hapo ndipo nilipotoka nje ya nyumba yangu mwenyewe, nisije nikawarushia sahani ya karanga. Mlifikiri nimeenda chooni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta, na leo ni Jumatano na hasira yangu haijapoa. Kuja na daftari lile ni ubaya wa kutosha. Lakini kulitumia ua lile kama shahidi wenu, aka! Mnajua nini kuhusu ua lile? Mnajua ni nani alilitia ndani ya beseni?

Nitawaambia. Nitajaribu kuandika Kiswahili cha vitabu, kile masista walitufundisha kule Mutshatsha nilikozaliwa, kwenye nyumba za watu wa reli. Nikikasirika mdomo wangu utarudia Kiswahili cha mji wetu huu wa Kolwezi, mtanivumilia.

Kazi yangu ilikuwa katika ofisi ya mimea. Ndiyo, kampani ya shaba ilikuwa na ofisi ya mimea, chumba kimoja kirefu nyuma ya jengo la utafiti, chenye harufu ya majani makavu na magazeti ya zamani. Watu walikuwa wanatucheka. Wenzetu wanaendesha magari makubwa kama nyumba, siye tunabeba maua. Lakini mainjinia wenyewe hawakucheka, kwa sababu walijua kwamba katika nchi hii ua linaweza kukuonyesha shaba kabla ya mashine.

Mkitoka mjini mkaingia pori letu, miti imejaa kila upande, halafu ghafla mnaona kilima chenye upara. Nyasi fupi tu na mawe. Wageni wanafikiri watu wa makaa wamemaliza miti. Wapi! Ni shaba iliyo chini. Udongo ule ni sumu kwa mihogo, sumu kwa mahindi, sumu kwa mti mkubwa. Lakini kuna mimea midogo iliyouzoea tangu zamani sana, na mingine imeuzoea mpaka haiwezi tena kuishi penginepo. Ukiihamishia kwenye udongo mzuri wa bustani, ule mweusi wa kupendeza, mizizi inaoza na mmea unakufa.

Shuleni mkiulizwa wanyama na mimea inayopatikana Kongo peke yake, mnajibu okapi, bonobo, tausi wa msituni, na mwalimu anawapa pointi zote. Vizuri. Wote hao wako mbali huko kaskazini, hamjawahi kuwaona na pengine hamtawaona. Vya kwenu vilivyo kwenye vilima mnavyovipita na pikipiki kila siku hamvijui hata kimoja. Kuna mimea ambayo katika dunia nzima iko kwenye vilima vyetu vya shaba tu. Mingine iko kwenye vilima vitano, mingine viwili, mingine kimoja. Kilima kimoja, batoto! Kikichimbwa, imekwisha, huwezi kwenda kuomba mbegu nchi nyingine.

Aliyenifundisha yote haya ni Tata Kabeya, yaani Baba Kabeya, mkubwa wa timu yetu. Mtu mfupi, kofia ya kampani iliyopauka, mkasi mdogo umefungwa kwa kamba kiunoni usipotee. Baba yake aliletwa na kampani kutoka Kasai, mkoa mwingine wa mbali, kuja kuchimba, wakati wa wakoloni. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi, akabatizwa hapa, akaoa hapa. Kasai hakuwahi kufika. Tshiluba, lugha ya kule, alikuwa anakisema vibaya mpaka mke wake, Mama Ngalula, alikuwa anamwomba mbele ya wageni anyamaze.

Niwape kidogo ufundi wake, usipotee bure. Mmea unauchimba pamoja na mzizi, unaukung'uta taratibu, unaulaza ndani ya gazeti jani moja likiwa limegeuka, ili pande zote mbili zionekane. Unafunga mbao mbili kwa kamba, unakaza kwa goti. Gazeti unalibadilisha kila siku kwa siku tatu za kwanza, hata kama umechoka, hata kama ni Jumapili, maana ukilala mmea unaota ukungu. Mvua ikizidi, unakausha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, lakini kwa mbali, makaa yakiwa yameshavaa majivu. Na ukiona mmea uko peke yake, unauacha. "Ukipata kumi, kamata moja," alikuwa anasema. "Ukipata moja, salimia, pita."

Halafu fishi. Fishi ni kile kikaratasi kinachokwenda na kila mmea. Mistari minne, kwa kalamu ya risasi, kamwe si kwa wino, kwa sababu jasho na mvua hufuta wino. Mstari wa kwanza jina. Wa pili mahali ulipouona. Wa tatu udongo wake. Wa nne jina la aliyeuchukua.

Mstari wa pili ndio alionipigia kelele. Nilikuwa bado mgeni kazini. Siku moja nikapoteza fishi ya mmea mmoja, na kwa kuwa nilijua mmea ule hujaa ukingoni mwa mto, nikaandika fishi mpya: Lualaba. Tata Kabeya akaishika, akaitazama, akanitazama.

"Uliiona ku Lualaba?"

"Apana, Tata. Lakini hii majani kwabo ni kule Lualaba."

"Sikukuuliza kwabo. Nilikuuliza uliiona wapi."

"Sikumbuke, Tata."

Akaichana ile fishi mbele ya ofisi nzima, akaniambia nikautupe mmea wenyewe, hauna maana tena. "Andika fasi uliona," akasema. "Hapana fasi unawaza." Nililia siku ile, mwanamke mzima, kwa ajili ya unyasi. Nyumbani bwana wangu aliuliza nani amekufa.

Na bado sikujifunza yote. Kuna ua moja la buluu ambalo wote tulikuwa tunaliita ua la shaba, linaota kwa wingi mwishoni mwa mvua mahali palipo na madini. Asubuhi moja nikitoka sokoni nikaliona limejaa kando ya reli, nyuma ya bohari, mstari mzima wa buluu. Badala ya kumwambia Tata Kabeya, nikaenda moja kwa moja kwa injinia, nikiwaza nitapandishwa cheo. Wakatumwa watu wawili na sururu. Wakachimba shimo mpaka kifuani, wakatoa udongo mwekundu, chupa iliyovunjika na kiatu kimoja cha mtoto. Kumbe mabehewa ya madini yalikuwa yanadondosha vumbi pale miaka yote, na maua yalikuwa yameota juu ya vumbi. Chini hakuna kitu. Kuanzia siku ile ofisi nzima iliniita Mama Karieri, na hata mlinzi wa geti alikuwa ananiuliza kama leo nimepata mgodi mwingine. Tata Kabeya alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha mstari wa tatu: kabla ya kupiga kelele, chimba kidogo kwa mkono wako uone ua limesimama juu ya nini.

Sasa Kashoba. Kashoba kilikuwa kilima kidogo tu, nusu saa kwa gari la kazi. Kwenye bega lake la upande wa mashariki, Tata Kabeya akiwa amepiga magoti, akaona kiua cha zambarau kisichozidi ukucha, chenye doa jeupe kooni. Hakuwahi kukiona. Akaniita, tukakitazama pamoja bila kukigusa. Kwa misimu mitatu ya mvua tulikitafuta kila kilima tulichotumwa, na vingine ambavyo hatukutumwa. Hakuna. Kashoba peke yake, na pale Kashoba kwenye eneo ambalo ungeliweza kulizunguka kabla sigara haijaisha. Siye tukakipa jina letu, Kamwana ya Kashoba, yaani kitoto cha Kashoba.

Halafu siku moja kwenye gari akaniambia jambo lililoniharibia furaha. "Béa, siku moja batachimba hapa. Na ni siye njo tuliwaonyesha." Ilikuwa kweli. Fishi zetu zote zilikuwa zinakwenda kwa mainjinia. Kila tulipoandika kwa furaha kwamba mahali fulani kuna ua la shaba, tulikuwa tunaliitia sururu.

Ndipo akaanza mabeseni. Akaomba gari la kazi, akaleta udongo wa Kashoba kwa magunia, akaujaza kwenye mabeseni tisa nyuma ya nyumba yake, ile yenye mlango wa buluu mnayoijua wote. Mwaka wa kwanza mbegu zote zilikufa kwa sababu alimwagilia kama mtu anayemwagilia lengalenga, mchicha wetu. Mwaka wa pili akachanganya mbolea kidogo kwa huruma, zikafa tena. Mwaka wa tatu aliziacha zipate shida kama kilimani, na zikaota. Mama Ngalula alikuwa ananikaribisha kwa malalamiko: "Babwana ba benzangu banaotesha tomati. Wa kwangu anaotesha sumu, na anaifungia hata waya ya kuzuia kuku!" Lakini yeye ndiye aliyewafukuza kuku wale kila asubuhi.

Halafu kazi ikaanza kufa. Ninyi mmekuta mji una magari mapya na hoteli, hamjui ilivyokuwa. Mitambo ilisimama mmoja baada ya mwingine. Gari letu la kazi likakosa tairi, tukaenda vilimani kwa miguu. Magazeti ya kukaushia mimea yakaisha, tukatumia karatasi za sementi. Na watu wakianza kukosa, huwa wanatafuta nani wa kulaumu. Kwenye mikutano na kwenye redio wakapatikana wa kulaumiwa: Bakasai. Ndio waliojaza ofisi, ndio waliokula nchi, warudi kwao. Wanasiasa walisema hivyo wakiwa wamevaa suti, na vijana wakaimba barabarani.

Siku moja shefu wa wafanyakazi akaniita. Jina lake silisemi.

"Béa, uko na mwandiko ya muzuri. Niandikie bantu ba ofisi yenu bote. Jina, kazi, na kwabo."

Mnasikia? Maneno yale yale. Jumamosi mlipofungua mdomo, mi nilikuwa nasikia sauti ya yule mtu.

Nikakaa mbele yake, nikapiga mistari, nikaandika. Nilipofika kwa Tata Kabeya kalamu ikasimama.

"Huyu alizaliwaka hapa, shefu."

"Sikuulize alizaliwa wapi. Nakuuliza kwabo."

Nikaandika Kasai. Nikawaandika wengine watatu vilevile. Jina langu nikaliandikia Mutshatsha, na pale kalamu haikusimama hata kidogo. Ilikuwa kalamu ya wino.

Msiniambie sikujua. Watu wengi wa umri wangu watawaambia hawakujua. Mi nilijua. Redio ilikuwa inasema kila jioni. Nilijua na nikaandika, kwa sababu niliogopa nafasi yangu, na kwa sababu nilijidanganya kwamba mwandikaji anaandika tu. Ningeliweza kusema hapana. Pengine wangemtafuta mwingine mwenye mwandiko mbaya. Basi wangemtafuta!

Baada ya siku chache listi ilibandikwa kwenye mlango. Walioandikiwa Kasai wakaambiwa wasirudi kazini. Tata Kabeya alifika asubuhi na kofia yake, akasoma listi taratibu, kidole kikipita mstari kwa mstari, akafungua kamba kiunoni, akaweka mkasi wa kazi juu ya meza yangu, akaondoka.

Wiki haikuisha, vijana wakaenda majumbani. Walikwenda na majani na fimbo, wakiimba. Kwa Tata Kabeya, aliyetangulia ni kijana wa nyumba ya tatu kutoka pale, ambaye Mama Ngalula alimlisha mama yake alipolazwa. "Mwende kwenu!" alikuwa anapiga kelele. Na Mama Ngalula alimwuliza jambo moja tu: "Kwetu ni wapi, mutoto? Unionyeshe, niende." Wakapewa muda wa kufunga vitu viwili vitatu. Godoro, sufuria, Biblia, picha ya harusi. Majirani tulikuwa nyuma ya mapazia. Mi mmoja wao.

Walikaa stesheni majuma mengi wakingoja treni. Ninyi mnapita pale kununua vocha za simu. Mi nikipita naona watu wamelala juu ya mawe ya reli, mvua inawanyea, watoto wanahara, mama mmoja anachemsha maji ndani ya kopo la rangi. Maelfu ya watu ambao jana walikuwa mafundi, wauguzi, walimu, waimbaji wa kwaya. Walizikana palepale. Hasira yangu haiwezi kulieleza jambo lile, na sitaki mtu aniambie kwamba zilikuwa siasa.

Siku ya tatu nilipata ujasiri, nikaenda mchana na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo ndani ya kitambaa. Niliwakuta karibu na tangi la maji. Mama Ngalula alipokea chakula, akasema aksanti, akatazama pembeni. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, likatoka moja.

"Tata, ni mi njo niliandika ile listi."

"Najua. Ile mwandiko ni mi nilikufundisha."

"Shefu aliniuliza kwabo…"

Hakupandisha sauti. Alikuwa anamenya kipande cha muwa kwa kisu, akaendelea kumenya. "Béa. Ulinionaka ku Kasai siku gani?"

Batoto, nina zaidi ya miaka sabini, nimezika bwana na watoto wawili, na hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile. Mwanamke aliyelilia unyasi kwa sababu ya mstari wa pili, alipofika kwenye jina la mtu, akaandika mahali ambapo hakuwahi kumwona.

Aliniacha nilie, halafu akasema, "Mabeseni iko pale nyuma. Enda ukamate. Usimwagie maji mingi. Usitie mbolea, hata ukisikia huruma. Mbegu inakomaa wakati majani inakauka, usingoje ianguke yenyewe." Alikuwa ananipa kazi, kama asubuhi yoyote ya ofisini. Alirudia mara mbili jambo la maji.

Nilitoka stesheni nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa buluu. Kijana yule wa nyumba ya tatu alikuwa ameshaingia. Mke wake alikuwa anafua nguo. Anafua ndani ya mabeseni ya Kamwana. Udongo wa Kashoba walikuwa wameumwaga uani, mimea imelala juu mizizi hewani, kuku wanapekua. Waya wa kuzuia kuku walikuwa wamekwisha kuung'oa.

"Ile ilikuwa majani ya bure, Mama," kijana aliniambia. "Tunataka kupanda bilazi pale."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kilunda cha mama yangu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, mpaka mke wake akaacha kufua. Halafu nikapiga magoti pale uani nikakusanya udongo kwa mikono, nikaujaza ndani ya kitenge changu, nikaenda na kurudi mara sita. Mabeseni walikataa kunirudishia. Niliponunua yangu, niliweka udongo, nikauacha bila kuutesa kwa huruma, na mvua zilipokuja zikaota mbegu kumi na moja. Viazi vyao, nafurahi kusema, vilikufa vyote.

Treni ya Tata Kabeya iliondoka siku nisiyokuwepo. Baadaye sana fundi mmoja wa reli aliniletea habari kwamba alifariki njiani, kabla ya kufika kule walikosema ni kwao. Alizikwa kando ya reli, mahali ambapo Mama Ngalula hakuweza kupajua jina. Yaani hata fishi hakupata.

Na Kashoba? Hakipo. Kampani mpya zilikuja na mashine zao, bega la mashariki likaondoka kwa juma moja. Nilikwenda na fishi zangu, nikawaeleza walinzi, nikamweleza kijana mmoja wa ofisini mwenye miwani, akaniambia mlango wa malalamiko ni mwingine. Sasa ni shimo lenye maji ya kijani. Nawauliza ninyi wenye uchungu wa vitu vya hapa: siku ile mlikuwa wapi? Mbona hakuna aliyeleta daftari? Kilima kizima cha kwenu kimepakiwa kwenye magari kikavuka mpaka, pamoja na mmea ambao Mungu hakuuweka mahali pengine, na hamkusema hata fyoko. Lakini mama anayeuza maandazi pale kona akiwa na jina la Kasai, usingizi hauwajii!

Kamwana ya Kashoba sasa iko mahali pamoja duniani, nayo ni mabeseni saba chini ya dirisha langu. Iko pale kwa sababu mtu mnayemwita mgeni alipiga magoti akaiona. Wenyeji tuliimwagia kuku.

Sasa daftari lenu. Jumatatu na jana nilitembea avenue nzima, kama mlivyoniomba. Miguu yangu ni mibaya, nilipumzika kila nyumba ya nne, nimekunywa chai nyingi. Nimeandika majina yote, hayajabaki. Yule mama wa maandazi yumo. Familia iliyofika mwaka jana na godoro juu ya lori imo, pamoja na mtoto wao aliyezaliwa mwezi uliopita. Ninyi watatu na wazazi wenu mmo. Mi nimo. Na pale mlipopiga mstari mkaandika "Kwabo", nimefuata sheria ya kazi yangu, nimeandika mahali nilipomwona mtu kwa macho yangu. Mkifungua mtaona neno moja kutoka juu mpaka chini, ukurasa baada ya ukurasa: Kolwezi, Kolwezi, Kolwezi. Nimeandika kwa kalamu ya risasi, mvua haitafuta.

Anayetaka mbegu aje majani yakianza kukauka, aje na beseni lake, nitamfundisha. Anayetaka listi nyingine atafute mkono mwingine.

Daftari mje kulichukua Jumamosi. Jina la kwanza mtakaloliona si la mtu anayekaa kwenye avenue leo, na mkiuliza nyumba yake, ni ile yenye mlango wa buluu. Kabeya. Kwabo: Kolwezi.